Pangaboi Haliugui Peke Yake

Fundi anayeitwa nyumbani kwa mtu jijini Mwanza kuangalia feni ya darini hupokewa na moja kati ya kauli tatu. Ya kwanza: iko kimya, haizunguki kabisa. Ya pili: inaunguruma lakini haisogei. Ya tatu: inazunguka, ila imechoka, hata ukiweka namba tano, mapanga yake unaweza kuyahesabu. Mara nyingi mwenye nyumba huwa ameshakata shauri kabla fundi hajavua viatu mlangoni: feni ni feki, au imezeeka, au vyote viwili. Hoja ya insha hii ni kwamba hukumu hiyo mara nyingi humwangukia asiye na kosa. Feni ya darini ni chombo chenye sehemu chache mno, na chache zaidi kati ya hizo huharibika zenyewe bila kuharibiwa. Kinachoidhoofisha zaidi ni umeme unaoilisha, na umeme wa Mwanza una historia yake: ulikotoka, umbali uliosafiri, miaka uliyokatika na namna ulivyorudi. Fundi mzuri wa ukanda wa Ziwa hutafuta hitilafu kutoka nje kwenda ndani, kuanzia mita ya LUKU hadi kwenye koili. Utaratibu huo ni zao la historia hiyo, na asiyeijua historia ataiona kazi ya fundi kuwa ni kubahatisha.

Tuanze na jina. Wengi wetu huiita feni ya darini pangaboi, na masikio ya Mswahili husikia panga humo: vyuma vipana vinavyofyeka hewa. Mafundi nao huviita mapanga. Lakini boi ametoka wapi? Jibu, kwa maoni yangu, liko ng'ambo ya bahari. Katika Kihindi pankha ni kipepeo cha kujipepea. Enzi za Waingereza nchini India, pankha kubwa ya kitambaa ilitundikwa darini katika ofisi, mahakama na nyumba za wakubwa, ikavutwa kwa kamba na mtumishi. Waingereza walimwita mtumishi huyo boi wa pankha, kama walivyomwita boi kila mtumishi wa kiume hata akiwa na wajukuu. Neno lilipovuka bahari likafanana mno na panga tulilolijua, likakaa. Mashine ya umeme ilipochukua kazi ya mtu, cheo cha mtu kikabaki kwenye jina la mashine. Mashine yenyewe haikuzaliwa mbali na vitu tunavyovijua: katika miaka ya 1880 Philip Diehl, fundi aliyefanya kazi na kampuni ya cherehani ya Singer huko Marekani, alichukua mota aliyoibuni kwa ajili ya cherehani, akaifunga mapanga, akaitundika darini. Mwaka 2016, Serikali yetu ilipopokea ndege za Bombardier Q400, neno likapaa tena: waliozibeza waliziita pangaboi. Tangu mwanzo, basi, neno hili limebeba habari za wakubwa na wadogo, na feni ilikuja kwetu kama chombo cha mkubwa.

Umeme nao ulikuja hivyo hivyo. Tanganyika ilianza kuuona mwaka 1908, Dar es Salaam, chini ya Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji walikoishi wao. Mwaka 1920 Waingereza waliunda idara ya serikali ya umeme, na mwaka 1931 kazi hiyo ikakabidhiwa kampuni mbili binafsi, DARESCO na TANESCO. Ramani ya nyaya ilifuata reli, mashamba ya mkonge na makazi ya watawala. Mwanza, iliyoanzishwa kama kituo cha utawala wa Wajerumani mwaka 1892, ilikuwa mwisho wa njia. Kabla ya 1928 reli haikuwa imeifikia kutoka Tabora. Shehena yake nyingi ilipitia Mombasa, ikapanda reli hadi Kisumu, ambako treni zilifika mwaka 1901, kisha ikavuka ziwa kwa meli. Utajiri wake ulikuwa pamba ya Usukuma na vinu vya kuichambua. Mji ulipopata umeme, kwa miaka mingi ulikuwa wa mitambo ya dizeli iliyosimama palepale mjini, ikichoma mafuta yaliyosafirishwa kutoka pwani. Umeme wa namna hiyo una tabia moja: chanzo ni kidogo na kiko karibu, kwa hiyo mzigo mkubwa ukiwashwa upande mmoja wa mji, upande wa pili taa hufifia. Mwaka 1964 Serikali ilinunua hisa za kampuni zile mbili, zikaja kuunganishwa chini ya jina la TANESCO, lakini Mwanza iliendelea kuwa kisiwa cha dizeli kwa zaidi ya miaka ishirini baadaye.

Wakati feni zikizunguka katika ofisi, benki na maduka makubwa, wakazi wengi wa mji huo waliwasha koroboi. Hilo si fumbo la maneno. Limeandikwa kwenye ramani ya jiji. Karibu na katikati ya mji, jirani na hekalu la Wahindu, pana mtaa unaoitwa Makoroboi, uliopata jina lake kwa mafundi waliokata makopo na mabati chakavu wakatengeneza taa za mafuta, pamoja na miiko na vyombo vingine vya nyumbani. Nalitaja eneo hili kwa sababu linaonyesha aina ya fundi aliyekuwepo Mwanza kabla umeme haujasambaa: mtu asiyetupa kitu, anayeisoma kasoro ya chombo kwa jicho na kwa sikio, anayejua bati hili limechoka wapi na bado lina nguvu wapi. Feni ilipoanza kuingia nyumba za kawaida, ilianguka mikononi mwa utamaduni huo wa ufundi. Haikukuta watu wa kubadilisha vipuri kwa kufuata orodha ya kiwandani. Ilikuta watu waliozoea kuuliza kitu kimekufa au kimezimia tu.

Ili tuone kwa nini swali hilo lina maana, tufungue feni yenyewe. Ndani ya kile kikombe kinene cha katikati, sehemu iliyofungwa waya wa shaba imesimama tuli kwenye mhimili, na kinachozunguka ni gamba la nje pamoja na mapanga. Koili zimepangwa kwa duara katika nguzo nyingi za sumaku, na wingi huo ndio unaoifanya feni iende taratibu bila gia: mota yenye nguzo 16 kwenye umeme wa mawimbi 50 kwa sekunde haiwezi kupita mizunguko 375 kwa dakika. Koili ziko za makundi mawili, za kuendeshea na za kuwashia. Umeme wa nyumbani ni wa njia moja, na peke yake hutikisa sumaku mbele na nyuma bila kuipa upande wa kwenda. Hapo ndipo inapoingia kapasita, kijisanduku kidogo cha plastiki kinachofichwa kwenye kikombe cha juu karibu na ndoano, mara nyingi cha maikrofaradi 2.5. Kazi yake ni kuutanguliza mkondo wa koili za kuwashia mbele ya ule wa koili za kuendeshea, na tofauti hiyo ndogo ya wakati ndiyo inayozaa mzunguko. Kapasita ikifa, feni huunguruma na kuganda. Ukiyasukuma mapanga kwa mpini wa ufagio yataondoka, na yataelekea upande wowote ulioyasukumia. Kapasita ikidhoofika bila kufa, feni huzunguka kichovu. Ongeza beringi mbili, swichi na regulata ukutani, na umemaliza orodha. Chombo chenye sehemu chache hivi hakina pa kuficha ugonjwa. Kinachohitaji maelezo ni kwa nini huugua mara kwa mara.

Maelezo ya kwanza ni umbali. Ajabu ya Mwanza ni kwamba imekaa ukingoni mwa ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na maji ya ziwa hilo yamekuwa yakizalisha umeme tangu mwaka 1954, pale bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa Jinja, Uganda. Bukoba na sehemu kubwa ya Kagera zilikuja kuunganishwa na umeme wa upande huo. Mwanza haikuunganishwa. Umeme wake ulikuja kutoka kusini, kwenye mito ya bonde la Rufiji: Kidatu iliyoanza kuzalisha mwaka 1975 na Mtera iliyofuata mwaka 1988, ukasafirishwa kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Iringa kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga. Ni mamia ya kilomita, na mji uko mwisho wa waya. Mwisho wa waya mrefu una tabia mbili zinazopingana: mzigo ukiwa mkubwa volti hushuka, na mzigo ukiondoka volti huelekea kupanda. Juu ya hapo, jiji lenyewe limepanda miamba. Nyumba za Igogo, Mabatini na Isamilo zimejengwa juu ya mawe na kati ya mawe, na nyaya za mtaani huzifuata kilimani. Ikiwa transfoma moja imeelemewa na wateja wengi, nyumba ya mwisho hupata masalio.

Kwa taa, masalio maana yake ni mwanga hafifu. Kwa feni ni zaidi ya hapo, kwa sababu nguvu ya kuzungusha ya mota ya aina hii hufuata mraba wa volti. Volti 230 zikishuka hadi 184, yaani zikibaki asilimia 80, nguvu ya kuzungusha hubaki asilimia 64. Mwenye nyumba anaona taa zimepungua kidogo tu, hajali. Kisha anaangalia juu, anaona feni imelegea kabisa, anailaumu feni. Ndiyo sababu swali la kwanza la fundi aliyeiva halihusu feni hata kidogo. Huuliza: inachoka saa ngapi? Feni inayolegea kuanzia saa moja hadi saa nne usiku, wakati kila nyumba ina pasi, televisheni na jiko la umeme, kisha ikachangamka saa nane usiku watu wakiwa wamelala, haina ubovu wowote. Inatoa taarifa ya hali ya mtaa kwa uaminifu kuliko mtu yeyote ofisini.

Maelezo ya pili ni ukatikaji, na hapa historia imeandikwa ndani ya kipuri chenyewe. Taifa lililotegemea mabwawa lilitegemea mvua, na mvua zilipokosekana tukaingia kwenye mgawo wa umeme: 1992, 1994, 2006, 2011, na tena kuelekea 2023. Vijana wengi wa Kitanzania walijua neno mgawo kabla ya kujua neno gridi. Kila mgawo una upande wa pili ambao hausemwi sana, nao ni kurudi kwa umeme. Unaporudi, friji, pampu na feni za mtaa mzima huudai kwa pamoja, volti huyumba, na misukumo mifupi mikali hupita kwenye nyaya. Ongeza ngurumo. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na radi haihitaji kuipiga nyumba yako ili msukumo wake uingie. Kupiga karibu na nguzo kunatosha. Sasa, kapasita ya feni imetengenezwa kwa utando mwembamba wa plastiki uliopakwa madini. Msukumo mkali ukiutoboa, madini yanayozunguka tundu huungua na kujitenga, na kapasita huendelea kufanya kazi. Wahandisi huita hali hiyo kujiponya. Lakini kila kujiponya kunakula eneo dogo la utando, na kapasita iliyotoka kiwandani na maikrofaradi 2.5 inaweza kukutwa na 1.8, kisha 1.4, bila siku yoyote ambayo mtu angesema leo imeharibika. Joto la chini ya bati huharakisha kazi hiyo. Kijisanduku hicho, kwa hiyo, ni daftari la deni: kila umeme uliporudi vibaya, kiliandika mstari.

Kutokana na hayo mawili, umbali na ukatikaji, ndipo ulipozaliwa utaratibu ninaousema. Fundi huanza na maswali: feni moja au zote, taa nazo vipi, tangu lini, saa ngapi. Hapo ameshatenga ugonjwa wa mtaa na ugonjwa wa nyumba. Kisha hupima volti kwa mita kwenye mlango wa nyumba, kwenye swichi ya chumba, na juu kwenye kikombe cha feni, mzigo ukiwa umewashwa. Ikiwa chini ni 225 na juu ni 190, kosa liko njiani: kiungo kilicholegea, waya mwembamba, au swichi iliyoungua ndani. Hatua inayofuata huiruka regulata na kuiunganisha feni moja kwa moja. Ikichangamka, regulata ndiyo mkosaji. Zile za kizamani, sanduku zito lenye koili, huungua taratibu, na zile mpya za kielektroniki hufa ghafla, mara nyingi siku ya radi. Kisha huzima meni swichi na kuyasukuma mapanga kwa mkono: yakielea kimya, beringi ni nzima, yakikwaruza kama kisagio, fundi ameshapata jibu bila mita. Hapo ndipo huja jaribio la kapasita, kwa kuipima au kwa kuweka nyingine ya kiasi kilekile. Koili huwa ya mwisho. Feni ina ncha tatu, na vipimo vya jozi zake vina hesabu isiyodanganya: kikubwa sharti kiwe jumla ya viwili vidogo. Ukipata omu 150, 200 na 350, koili zimekamilika. Hesabu ikikataa, au mita ikaonyesha njia kati ya koili na chuma cha nje, mota inasubiri kusukwa upya, na haifai kuwashwa tena kwa sababu inaweza kuua.

Neno hilo, kusuka, lina historia yake pia. Mafundi wetu hawasemi wanaitengeneza mota, wanasema wanaisuka, kana kwamba ni ukili au nywele, na aliyemwona fundi akihesabu mizunguko ya waya wa shaba kwenye kila nguzo ataona jina ni sahihi. Ufundi huo haukuanzia kwenye feni. Mwanza ilikuwa na vinu vya pamba, bandari na karakana za meli, reli, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 kiwanda cha nguo cha Mwatex. Baadaye vikaja viwanda vya minofu ya sangara na mitambo yake ya kugandisha. Sehemu zote hizo ziliendeshwa na mota kubwa, na mota kubwa huungua. Aliyeweza kuisuka mota ya kinu alikuwa ameshajua kanuni zote za feni. Kisha zikaja shida zilizoulazimisha ujuzi huo ushuke hadi majumbani. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 biashara ya kuagiza bidhaa iliwekwa mikononi mwa mashirika ya umma, na katika mikoa ikapitia kampuni za biashara za mikoa, zile RTC. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliimaliza akiba ya fedha za kigeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hata sabuni ilipangiwa foleni, na mwaka 1983 ikaendeshwa kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Katika hali hiyo feni mpya haikuwa jibu. Jibu lilikuwa kuisuka ya zamani, hata kwa waya uliovuliwa kwenye mota nyingine. Mlango wa bidhaa ulipoanza kufunguliwa kuanzia 1984, na kupanuka zaidi chini ya urais wa Mzee Mwinyi, tayari kulikuwa na kizazi cha mafundi waliozoea kuona feni kama kitu kinachofufuka.

Kuna watakaosema kwamba nimekuza jambo dogo. Umeme ni umeme, watasema. Sheria ya Ohm haijui Mwanza wala Mumbai, na utaratibu nilioueleza umo katika kitabu chochote cha ufundi. Ni kweli kwamba fizikia ni moja. Lakini fizikia haisemi uanze wapi. Kitabu kilichoandikwa mahali ambapo volti hazitikisiki humwelekeza fundi moja kwa moja kwenye chombo, kwa sababu huko chombo ndicho mtuhumiwa wa haki. Daktari wa Mwanza na daktari wa Stockholm wamesoma mwili uleule, lakini mgonjwa mwenye homa akiingia, wa Mwanza huwaza malaria kwanza, na anawaza vyema. Uchunguzi wa kitaalamu ni elimu ya jumla ikiongozwa na kumbukumbu ya mahali. Anayefungua feni kwanza na kuuliza maswali baadaye hajakosea fizikia. Amekosea historia, na kosa hilo mteja hulilipia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mafundi gani hao unaowasifu, mtu ataniuliza, wakati tunawajua vishoka? Wako wanaobadilisha kapasita kwa kila ugonjwa, wanaotoa nzima na kuweka chakavu, wanaotumia testa ya shilingi chache na ujasiri mwingi, wanaoiacha swichi ikikata nyutro huku waya wa moto ukibaki hai darini. Sikatai. Ndiyo maana sheria ya mwaka 1994 iliunda VETA ili ufundi ufundishwe na kupimwa, na ndiyo maana EWURA hutoa leseni kwa mafundi wa kufunga mifumo ya umeme majumbani. Lakini tuitazame hata ile tabia ya kubadilisha kapasita kwanza. Inaonekana ni uvivu, na kwa kishoka ni uvivu kweli; hata hivyo imesimama juu ya ukweli kwamba katika mazingira yetu kapasita ndiyo inayobeba majeraha ya umeme. Kishoka amerithi hitimisho bila kurithi hoja. Anajua jibu linalotokea mara nyingi, hajui swali lililolizaa, kwa hiyo siku jibu likiwa jingine hana pa kushika. Tofauti kati yake na fundi haiko kwenye kifaa alichoshika. Muulize kwa nini umeanza hapa; fundi atakujibu, kishoka atakuambia hii kitu naijua.

Pingamizi la tatu linatoka upande wa mbele. Mambo yamebadilika, litasema. Mwaka 2013 ulijengwa mtambo wa mafuta mazito pale Nyakato, ndani ya jiji lenyewe. Njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa hadi Shinyanga imeongeza nguvu kaskazini. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, ulianza kuzalisha mwaka 2024. Na feni mpya za mota ya umeme mnyoofu hazina kapasita ya aina ile wala regulata ya ukutani, zina rimoti. Vitu vya bei nafuu vinajaa madukani, nani ataisuka feni? Nakubali kwamba gridi imeimarika, na ni jambo la kushangilia. Lakini megawati nyingi Rufiji haziongezi unene wa waya unaopanda mlima Igogo, wala hazipunguzi wateja kwenye transfoma. Feni mpya za kielektroniki zinavumilia volti ndogo vizuri kuliko za zamani, ila bodi zake huogopa msukumo wa radi kuliko koili ya shaba ilivyowahi kuogopa. Na unafuu wa bei una siri yake: feni nyingi za bei ya chini zimesukwa kwa alumini, ambayo kwa unene uleule hupinga mkondo zaidi ya shaba kwa takribani mara 1.6, kwa hiyo hupata joto mapema zaidi. Hata visiwani, ambako gridi ya taifa haikuwepo, hadithi haikwepeki. Huko Ukara mtambo mdogo wa jua wa kampuni ya JUMEME ulianza Bwisya mwaka 2016, na umeme wa aina hiyo, kama ule wa dizeli wa Mwanza ya kale, una chanzo kidogo kilicho karibu. Fundi wa kisiwani atalazimika kujifunza upya yale ambayo wazee wa mjini waliyajua: mzigo wa jirani unaonekana kwenye feni yako.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba tumekuwa tukimshitaki mtumishi kwa makosa ya bwana. Boi wa pankha alilaumiwa hewa ilipokosa kusogea. Mrithi wake wa darini analaumiwa vilevile, na ushahidi wa kumtetea unapatikana bure. Feni ya wati 70 ikizunguka kwa muda wa saa kumi usiku hula uniti 0.7, na LUKU inakuonyesha. Saa ya ukutani nayo unayo. Kabla hujaishusha feni na kuipeleka jalalani, andika kwa wiki moja inachoka saa ngapi na inachangamka saa ngapi. Ikichoka jioni tu, peleka daftari hilo TANESCO ukaulizie transfoma ya mtaa wako. Ikichoka saa zote, zima meni swichi, mwite fundi mwenye mita, na akipanda ngazi bila kukuuliza swali hata moja, mwambie ashuke.